Kambi ya Kwanza

Wazee wa Mrima waliokuwa wakifunga misafara ya kwenda bara, Unyanyembe na Ujiji hata Manyema, walikuwa na desturi moja ambayo mgeni asiyejua mambo aliidhania kuwa ni uvivu mtupu. Baada ya siku nyingi za kuwakusanya wapagazi, kupima ushanga, kufunga majora ya nguo, kuagana na jamaa na kusomewa dua, msafara ulitoka Bagamoyo kwa ngoma na vifijo, bendera mbele, kirangozi akiutangulia kwa madaha yote ya cheo chake. Na kabla watu hawajatoka jasho la kweli ulikuwa umekwisha kutua tena, mizigo chini, moto unakokwa, mahali palipo karibu na mji kiasi cha kumtuma kijana sokoni naye akarudi kabla ya magharibi. Henry Morton Stanley, alipotoka mji huo huo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, naye aliifuata ada hiyo: kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, mwendo mfupi tu kutoka pale alipoanzia.

Katika kambi hiyo ndipo ilipojulikana nani amechukua posho na hakuja, mzigo upi umefungwa vibaya unaumiza bega, sufuria ipi imesahauliwa, na nani aliyeficha homa yake kwa kuogopa kuachwa. Na kwa kuwa mji ungali karibu, kila kosa lilipata dawa kwa gharama ndogo. Kosa lile lile likigunduliwa siku ya ishirini, katika nyika ya Ugogo isiyo na maji, lilikuwa na bei nyingine.

Mtu wa zama zetu anayetamani kwenda kwa miguu siku nne au tano, hema na chakula mgongoni, bila ya kuwa amepata kufanya hivyo maishani mwake, aghalabu hufanya kinyume cha wazee wale: hununua vitu kwa muda wa mwezi mzima, huvifunga usiku wa kuamkia safari, hupanda basi alfajiri, na makosa yake yote huyagundua siku ya pili, juu ya mlima, ambako hakuna duka la viatu wala fundi wa kushona mkanda. Sura hii yote ni juu ya namna ya kuyafanya makosa hayo mapema, tena karibu na nyumbani. Kuyaepuka yote haiwezekani, na mwandishi anayeahidi hivyo bila shaka anauza kitu.

Njia nitakayoitolea mifano ni ile ya Usambara ya Magharibi, kutoka Lushoto hadi Mtae, kwa kuwa mashauri ya jumla hayamfai mtu anayetaka kujua afunge nini. Lushoto i kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya bahari, na barabara inayopanda kutoka Mombo, kona juu ya kona, humtoa msafiri katika joto la bonde na kumtia katika baridi ya milima kabla hajamaliza karanga alizonunua dirishani. Kutoka hapo watembeaji hupita msitu wa Magamba, wenye mbega wa rangi nyeusi na nyeupe, wakavikuta vijiji vya Lukozi na Rangwi, na mashamba ya kabichi, viazi na karoti yaliyoparamia miteremko ambayo mtu wa pwani asingethubutu hata kuisimamia, mpaka Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa jabali, mahali ardhi inapokatika ghafula na nyika ya Mkomazi kutandaa chini kadiri macho yawezavyo kuona. Ni siku nne au tano kwa mwendo usio wa haraka. Mashujaa hawahitajiki, watoto wa Kisambaa hupanda na kushuka milima hiyo kila siku wakienda shule. Lakini kwa atokaye nchi tambarare, mzigo ukiwa mgongoni, njia hii itamtosha, na ina fadhila moja kubwa kwa anayeanza, nayo ni kwamba kila siku hupita penye watu.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi yangu ni ualimu, yaani kazi ya kusimama, wala si ya kutembea. Jioni nilipotandaza vitu vyangu juu ya mkeka ili nivifunge kwa safari hiyo, shangazi yangu alipita akienda kutawadha, nikamwamkia. Akaitika marahaba, kisha akasimama na birika lake mkononi, akavitazama vitu vile kimoja baada ya kimoja kama mtu anayekagua mahari.

"Mwanangu, waenda kutembea au wahama?"

"Naenda kutembea, shangazi. Siku tano tu."

"Na mataulo matatu? Huko milimani kuna harusi?"

Nikacheka, lakini sikuondoa hata taulo moja, kwa sababu kila kitu nilikuwa nimekwisha kukitafutia hoja: taulo la uso, taulo la mwili, na la tatu endapo mawili ya kwanza yatalowa, makopo sita ya samaki, kwa kuwa njaa haina adabu, taa ya chemli, kwa kuwa tochi huzimika, viatu vya pili, kitabu kinene, kisu cha jikoni, na chupa ya kioo yenye achari ya embe, ambayo hoja yake ilikuwa ni utamu wake. Hivyo ndivyo mzigo unavyokua. Hakuna kitu kimoja kinachoulemea mgongo, bali ni hoja arobaini, kila moja sahihi peke yake, ambazo mtu hajazipanga siku moja mbele ya mizani zikahojiana.

Mizani nilikwenda nayo siku ya pili yake, au tuseme niliifuata. Mwenye duka la nafaka mtaani petu anayo ile ya kuwekea magunia, yenye mkono wa chuma na kidude cha kusukuma. Nikalilaza shanta langu juu yake, naye akasukuma kidude, akasukuma tena, akaongeza, kisha akaniangalia. Kilo 23. "Mwalimu," akauliza, "mchele huu wa wapi?"

Wapagazi wa zamani, wanaume waliokulia katika kazi hiyo na kula ujira wake, walichukua mzigo wa frasila mbili, yaani kadiri ya kilo 32, na juu ya huo wakatia mkeka wao na kibuyu cha maji. Na historia ya njia zile imejaa mifupa ya waliozidiwa. Watembeaji wa leo hushauri kwamba mtu asiyezoea asichukue zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake, chakula na maji yakiwamo, nayo kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 14. Mimi huikumbuka kanuni hiyo kwa kipimo cha babu zetu: frasila moja isitimie. Anayeanza akikumbuka neno hilo moja tu katika kitabu hiki, nitakuwa nimeridhika naye.

Mataulo yote matatu yakatoka, mahali pake pakaingia kikoi kimoja, ambacho mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kazi zake: ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kilemba cha jua, na mkono ukiteguka ni kitambaa cha kuuning'iniza. Taa ikarudi jikoni, tochi ya kichwani ikaingia pamoja na betri za akiba. Makopo yakabaki mawili. Achari, nakiri, niliihamishia katika kichupa kidogo cha plastiki na kukificha katikati ya soksi. Mizani ikasema kilo 13 na nusu.

Yapo hata hivyo mambo ambayo mtu akiyapunguza atajuta, na katika Usambara la kwanza ni joto la mwili. Msomaji wa Tanga au Mombasa ambaye baridi yake kuu ni ya kipupwe, mwezi wa Julai, alfajiri, hawezi kwa dhana peke yake kuifahamu baridi ya Magamba mwezi huo huo, usiku, nguo zikiwa zimelowa jasho la mchana. Pamba, ambayo ndiyo nguo yetu na fahari yetu, hunywa maji, huyashika, na hupokonya joto mwilini. Sufu ya kondoo huendelea kutia joto hata ikilowa. Basi sweta moja la sufu, hata kuukuu, ni bora kuliko fulana tano za pamba, na soko la mitumba ndipo pa kulitafuta. Neno hili mtumba lilikuwa zamani jina la robota la nguo alilochukua mpagazi begani kwenda bara. Kwa hiyo anayeingia sokoni humo kutafuta sweta la safari hajatoka nje ya mila. Aongeze koti la mvua lisilopitisha maji, nguo kavu za kulalia ambazo hazivaliwi mchana hata kwa dharura, na mfuko wa kulalia uliofungwa ndani ya nailoni nzito, maana shanta lolote, muuzaji aape atakavyoapa, huvuja mvua ya saa mbili.

Kuhusu kupanga vitu ndani ya shanta maneno ni machache: vizito vikae karibu na mgongo, kati ya mabega na kiuno, vyepesi chini na pembeni, na mkanda wa kiunoni ukazwe juu ya mifupa ya nyonga ili uzito uchukuliwe na miguu, mabega yabakie kazi ya kulishika lisiyumbe. Mgeni wa mambo haya huuacha mkanda huo ukining'inia kama pambo, halafu jioni hulalamikia shingo.

Sasa nije kwenye kambi yangu mwenyewe. Wiki tatu kabla ya safari nilitoka nyumbani alasiri na mzigo kamili, si nusu yake, nikashika njia ya Amboni, ambako jamaa yangu mmoja ana shamba, masafa ya kilomita nane hivi kutoka mjini, kwa nia ya kulala hemani chini ya miembe yake, kupika chakula changu mwenyewe na kurudi asubuhi. Viatu vilikuwa vipya. Nilivinunua asubuhi, mguu ukiwa umepumzika, kwa kipimo kile kile cha viatu vyangu vya darasani, na sikujua kwamba mguu huvimba kwa mwendo, hata inampasa mtu anunue alasiri, avijaribu pamoja na soksi atakazozivaa safarini, na aache upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Kabla sijalifikia shamba kisigino cha kulia kilikuwa kinawaka. Ningesimama pale pale kilipoanza kuwasha, nikavua kiatu, nikakausha mguu na kubandika plasta, mambo yangeishia hapo; lakini niliona haya kuketi kando ya barabara mbele ya watu, nikaendelea, na nilipovua nilikuta lengelenge la ukubwa wa kungumanga.

Hilo lilikuwa moja. La pili lilitokea nilipotaka kuchemsha maji. Jiko langu dogo la gesi lilikuwa la kufungwa kwa kuzungushwa juu ya mtungi, na mtungi niliouziwa ulikuwa wa aina ya kubanwa. Vitu viwili vizima, vipya, vya bei, visivyojuana. Nilivizungusha mikononi kwa muda mrefu, kwa matumaini ya kipumbavu kwamba penginepo vitapatana, mpaka mke wa jamaa yangu akaja na sahani ya mihogo ya nazi, akaviangalia, akasema kwa upole, "Mwalimu, kula kwanza, usomeshe baadaye." Nikala. Usiku nikagundua la tatu, kwamba tochi ilikuwa chini kabisa ya shanta, na ya kuitafutia sikuwa nayo.

Kwa hasara ya kisigino kimoja na aibu kidogo nilijifunza usiku ule mambo matatu ambayo huko Rangwi yangeniharibia safari nzima. Viatu nilivibadilisha kwa vilivyozidi kipimo kimoja, nikavivaa kazini kila siku hata wanafunzi wakaanza kuninong'onea. Mtungi nilibadilisha. Tochi tangu siku hiyo hukaa mfuko wa juu kabisa.

Mazoezi ya mwili yana maneno mengi katika vitabu vya wenzetu, lakini kwa mtu wa pwani shida ni moja, ya kwamba hana mlima. Mchanga wa ufukweni unafaa, maana mguu unaozama hufanya kazi maradufu, na ngazi za jengo lolote refu zinafaa zaidi, hasa kwa kushuka. Watu huogopa kupanda, na kupanda kwa kweli hukata pumzi. Lakini kinachovunja magoti na kuua kucha za miguu ni kuteremka, na misuli ya paja iliyo juu ya goti haijifunzi kuteremka ila kwa kuteremka. Mwezi na nusu wa kutembea mara tatu kwa wiki, mzigo ukiongezwa kidogo kidogo hata utimie, unatosha. Bakora mbili, au moja madhubuti, zitasaidia magoti kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Juu ya urefu wa siku nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo wengi hudanganywa na ramani. Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila maili 3, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, ambazo kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 5 na mita 600. Chukua siku yenye kilomita 15 na kupanda mita 600. Naismith atakupa saa nne, lakini yeye alikuwa Mskoti mwenye miguu ya Kiskoti. Kwa anayeanza, na mzigo mgongoni, ongeza nusu, ziwe sita. Ongeza saa mbili za kula, kusali, kuzungumza na wenyeji, kufunga kamba ya kiatu na kuangalia mbega. Ni saa nane. Ukitoka saa moja asubuhi utafika saa tisa alasiri, na kwa kuwa kiza chetu huingia karibu na saa kumi na mbili na nusu, unayo akiba ya saa tatu na nusu za mwanga kwa lile usilolitazamia. Akiba hiyo usiile. Na siku ya kwanza, kama walivyofanya wazee, iwe fupi kuliko zote.

Chakula nacho kina kipimo cha zamani. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na ajabu ni kwamba watembeaji wa leo, pamoja na elimu yao yote ya lishe, wanapokadiria chakula kikavu cha mtu mmoja kwa siku hufikia uzito usio mbali na huo, kati ya gramu 600 na 800. Tende, karanga, kashata, unga, dagaa wakavu, majani ya chai, sukari: hivi vinatosha, wala havihitaji pakiti za ng'ambo. Na katika njia ya Mtae si lazima kubeba vya siku zote tano. Mbegha, yule mwindaji kutoka Ngulu ambaye Abdallah bin Hemedi amemsimulia katika Habari za Wakilindi, aliingia nchi hii na mbwa na mikuki, akawapa wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Wewe huna nyama ya kutoa, lakini unazo shilingi, na Lukozi viazi havijawahi kukosekana.

Maji yanataka hadhari ya namna nyingine. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo mtu hawezi kubeba ya siku nzima. Atachota njiani, na kuyachemsha mpaka yatokote barabara, au kuyatia vidonge na kungoja nusu saa, huua vijidudu. Lakini mto uliopita chini ya mashamba ya mboga huenda umechukua dawa za kuulia wadudu, na hizo moto hauziondoi. Uliza wenyeji wanachota wapi, kisha chota hapo hapo.

Kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya vijia vya msituni vinavyogawanyika bila ya kumwambia mtu, usiende peke yako. Lushoto wapo vijana wanaoijua kazi ya kuongoza; patana na mmoja bei kabla ya kutoka, muulize juu ya kibali na ada ya kuingia msitu wa hifadhi, na mwonyeshe mzigo wako. Kirangozi mzuri utamjua kwa kuwa ataanza kukuondolea vitu. Miezi ya masika, Machi hata Mei, kaa nyumbani. Udongo wa milima ile ukilowa huwa sabuni.

Nimemtaja Stanley, nami sipendi amalizie yeye mifano yangu, maana mizigo yake ilichukuliwa na wengine. Emma Gatewood, bibi wa jimbo la Ohio huko Marekani, mama wa watoto 11, alijaribu mwaka 1954 kuipita njia ya milima ya Appalachia, ndefu kupita kilomita 3,000, akianzia kaskazini, Maine. Akapotea, miwani yake ikavunjika, na walinzi wa msitu waliompata wakamshauri arudi kwao. Akarudi. Mwaka uliofuata akaanza upya kutoka Georgia, kusini, akiwa na umri wa miaka 67, na mfuko alioushona kwa mkono wake, ambao kwa nadra ulizidi kilo 9, ndani yake blanketi na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua. Hema hakuwa nalo. Mwezi wa Septemba 1955 alisimama juu ya mlima Katahdin, mwisho wa njia. Sisemi mtu aige viatu vyake, vilivyokuwa vya turubai. Nasema kwamba Maine ilikuwa ndiyo Amboni yake, ila aliilipia ghali zaidi kuliko mimi.

Basi kabla hujakata tiketi ya basi la Lushoto, chagua jamaa mwenye shamba mwendo wa saa mbili kutoka kwako, umwombe ulale chini ya mwembe wake. Na ukiwa njiani kwenda kwake, pitia kwanza kwa mwenye duka la nafaka akupimie shanta.